Neno Nililoliandika Ubaoni

Nyanchwa, Kisii.
Jumapili, 15 Juni 2025.

Mpendwa dada Bosibori,

Bwakire buya, dada yangu. Natumaini joto la Doha halijakumaliza na mgongo umeacha kukusumbua. Huku mvua haijakatika. Mama yuko Itumbe na chai yake. Goti linamuuma, lakini ukimwambia apumzike anakuuliza kama majani yatajichuma. Mimi na binti yako Ashley tu wazima wa mwili.

Nimesema wa mwili. Barua hii nampa Maureen anayerudi huko Jumatano, kwa sababu kwenye simu ungeniona uso.

Sabato mbili sasa umepiga simu baada ya kanisa, nami nikakwambia Ashley yuko kwaya. Hakuwa kwaya. Alikuwa chumbani, mlango umefungwa, akisikia sauti yako. Chanzo ni mimi.

Alhamisi ya wiki juzi nilikuwa nafundisha Kidato cha Tatu maneno ya Kiingereza ya kuachana na kuondoka, yale yanayoanza na "ab", "de" na "dis". Somo lilichangamka. Ronny akasema, "Mwalimu, 'abscond' ni vile Gibson alihepa ibada!" Gibson akamrudishia, "Na nani alinishikia seng'enge?" Wakacheka wote. Nilipofika "desert", yaani kumtelekeza mtu, hakuna aliyeinua mkono. Nikageuka nikaandika ubaoni sentensi yangu mwenyewe: mama mmoja "deserted" mtoto wake akaenda Uarabuni.

Sikuifikiria, dada. Au niliifikiria muda mrefu bila kujua, kila nilipompeleka Mama hospitali peke yangu. Mkono haukusita hata kidogo, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Ashley huketi dawati la mbele. Akauliza, "Na kama anatuma karo, Mwalimu, bado ni 'deserted'?"

Wenzake walidhani anatania. Mimi nikasema tuendelee na neno linalofuata. Mimi, niliyesomeshwa chuo na mikono hiyo hiyo iliyoenda Doha.

Tangu siku hiyo haniiti mama mdogo. Hata jikoni ni, "Mwalimu, chumvi iko wapi?"

Jumatatu niliwaambia wafungue madaftari waikate sentensi ile. Ronny akashangaa, "Kwani iko na makosa, Mwalimu?" Nikamwambia Kiingereza hakina kosa, ila nilimsingizia mtu aliyenilea. Ashley akaikata polepole, bila kuinua macho.

Sikuombi uniondolee aibu hii. Nakuomba umweleze mwenyewe kwa nini uliondoka, maana sisi hatukumweleza. Unakumbuka tulivyomtuma mtoni asubuhi ile ili asikuone ukipanda gari, tukidhani tunampunguzia kilio. Aliporudi na maji, kitanda chako kilikuwa kimetandikwa. Hakuna aliyemwambia neno, kwa hiyo alilokuja kulisikia ni langu.

Mjomba Osoro na Jemimah wanakusalimu sana. Mama anasema usiache kula.

Nilikuwa karibu kufunga barua, Ashley akasimama mlangoni. Akauliza kama nakuandikia wewe, nikakubali. Akasema, "Mwambie Sabato nitashika simu mimi." Kisha akaenda zake. Hakuniita mama mdogo. Hakuniita Mwalimu pia.

Mungu akulinde katika nyumba za watu mpaka akurudishe katika yako.

Mdogo wako akupendaye, hata akiona haya kukutazama,
Mokeira