Sumu Ninaitengeneza Mwenyewe

Lubumbashi, Alhamisi

Kaka yangu Ramazani,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na wifi na watoto. Huko Kindu mmeamkaje, na homa ya mtoto wenu mdogo imeshuka? Mimi sijambo ya mdomoni tu. Barua hii naisema, jirani yangu Mama Bea anaiandika, maana vidole vyangu havishiki tena kalamu wala sindano. Cherehani imefunikwa tangu mvua zianze.

Juzi kwenye simu ulinifokea: "Sumu njo iko inakukula! Shangazi atatoka mu parseli yangu Jumapili!" Umfukuze kwenye kiwanja chako, kaka? Tangu hapo hupokei simu yangu. Nimelia mpaka nimechoka. Anayekuletea barua hii anapanda ndege kesho.

Nisikilize sasa. Daktari wa hapa amenipima damu, akaviangalia viungo vyangu, akasema: "Mama, hakuna muntu alikutilia kitu. Mu kiungo iko kangozi ka ndani, kanatoaka maji ya kulainisha. Kwako kamevimba, kanatoa protini zenye kukula mufupa." Nikauliza kama zinaingia na chakula. "Hapana, mama. Mwili wako njo unazitengeneza."

Na kile kipande cha nyama mganga alichotuonyesha kwenye beseni baada ya kunitapisha, nilipokuja kwenu mwaka jana? Kaka, yeye mwenyewe alinikataza kula tangu jana yake! Nyama ilitoka wapi kama si mfukoni mwake? Ninyi mkasema imetoka kwenye sombe ya Shangazi, yale majani ya muhogo, kwa kuwa ndiye aliyepika, tena ni mjane asiye na mtoto wa kumtetea.

Miaka ya vita, tulipojificha msituni upande wa Kailo na mama yetu ameshakufa, nani alitutafunia muhogo? Angetaka tufe si angetuacha tu? Nani atampokea kikongwe aliyefukuzwa kwa sumu? Watampiga mawe njiani, kaka!

Dawa zinapunguza maumivu, lakini vidole vilivyopinda havinyooki tena. Nitarudi nyumbani, sina namna. Nakusihi kwa jina la mama, vunja hicho kikao cha Jumapili cha kumfukuza Shangazi.

Nisalimie wifi, na baba mdogo anayetunza msikiti, na Shangazi mwenyewe. Mwambie siwezi tena kufikisha tonge mdomoni, na nikifika sitaki mwingine anilishe ila yeye.

Ni mimi mdogo wako,
Salima