Olupot kwenye kompyuta kumi na nane

Provia, uko? Acha jembe usome. Kazi yangu imeisha leo.

Unakumbuka ile picha ya mzee wangu Olupot ndani ya jeneza, sisi tumesimama nyuma? Jana jioni niliiweka kwenye kompyuta ya bosi, nichapishe nakala ya maombi ya kumbukumbu Jumamosi. Nikaiacha humo. Sikujua! Kumbe ni ile programu fundi wetu wa kompyuta Okia alisema amepanga: picha iliyowekwa mwisho pale, kila nusu saa inajiweka kwenye skrini za kompyuta zote za ofisi.

Saa mbili asubuhi nafagia. Madereva wa malori wamejaa, wanangoja karatasi za mpaka. Kompyuta zote zikawaka na mume wangu. Kumi na nane, Provia! Jeneza wazi!

Dereva mmoja akaruka: "Huyu maiti anataka nini na mzigo wangu?" Akanyakua karatasi zake, akatoka. Wengine wakamfuata.

Bosi akaniita, "Mama Dorcas, unaniroga?"

Nikamwambia bosi, mimi ni mtu wa kanisa.

"Wachawi wote wana kanisa."

Nikamwambia picha ni yangu, nionyesheni nitaitoa. Akasema nisiguse kitu. Patience wa mapokezi akaibadilisha kwenye kompyuta moja moja. Nusu saa, Olupot akarudi. Akabadilisha tena. Akarudi tena!

Okia yuko Tororo, simu imezimwa. Na hata akieleza, nani atasikia? Madereva wameshafika stendi na hiyo habari.

Bosi kasema nisirudi, nimerudisha ufunguo wa ofisi. Niombee wewe, dada. Mimi nimepiga magoti mara mbili, maneno hayaji.