Kahawa ya Catello

Mirella, uko? Shoga, nimefanya balaa.

Si unazijua zile spika nilizozificha kichochoroni kwetu, watu wasikie tena sauti za mtaa wao? Kengele, masufuria, wachuuzi. Leo tumezizindua. Ikafika sauti ya mzee Catello, niliyoirekodi kabla hajafa: "Malimauuu! Malimau ya leo!"

Watu wakapiga makofi. MAKOFI, Mirella!

Mara kikapu kikashuka kwa kamba kutoka ghorofa ya tatu. Ndani, kikombe cha kahawa kimefunikwa kisahani.

Mke wa Catello, Donna Nunziata! Yule aliyepotewa na kumbukumbu. Kila asubuhi binti yake humwambia kwamba Catello amefariki, na kila asubuhi humlilia upya.

Kahawa, shoga. Kama alivyomshushia miaka yote.

Kikapu kikaning'inia. Napoli nzima inajua hakivutwi juu mpaka wa chini atikise kamba. Hakuna aliyethubutu. Nikatikisa mimi, basi tu yaishe.

Akakivuta. Akaona kikombe bado kimejaa.

"Catello," akaita, "umenikasirikia?"

Na spika ikamjibu: "Malimauuu! Malimau ya leo!"