Mlango wa Kushoto wa Landrova

Mwamkulu, Mpanda
Jumatano jioni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama wewe na bibi, na kwamba mguu wake umeacha kumsumbua. Mpe shikamoo yangu kwanza kabla hujaendelea kusoma, maana najua ameshauliza ni barua ya nani. Sisi huku hatujambo. Cletus amepona kikohozi, kuku wa madoa ameangua, na mpunga wa bondeni umeshika maji vizuri. Baba naye yupo. Habari zake nitazieleza mbele.

Usishangae nimeandika badala ya kupiga simu. Simu yako siku hizi inasikika kwa spika tu. Nilipokuambia nimefaulu fizikia, bibi alinipongeza kabla yako, na jirani yake akadakia. Habari hii si ya kusikiwa na uwanja mzima. Barua nitampa Josephat, anayekuja Kibaoni kesho kununua mchele, naye ameahidi kukukabidhi mkononi.

Habari yenyewe inaanzia kwenye gari. Unajua baba amepanga kuja kuwachukua ili bibi akatolewe plasta hospitalini, kwa sababu kwenye basi hana pa kunyoosha mguu. Lakini Landrova ilianza kugonga chini ya sakafu kila alipobadili gia. Fundi Manyanda akalala chini yake, akaishika propela kwa mikono miwili, akaitikisa, akasema krosi ya nyuma imekwisha. Krosi ni kile chuma chenye umbo la msalaba kinachounganisha propela, ule mhimili mrefu unaozunguka chini ya gari, na difu ya magurudumu ya nyuma. Alipoifungua, visindano vya ndani ya vikombe vya kwenye ncha zake vilikuwa vimegeuka unga mwekundu. Akasema ikikatika porini kule mbele ya Sitalike, tutalala na viboko.

Mimi na baba tukaenda mjini dukani kwa Cecilia. Akatuwekea aina mbili juu ya kaunta. Moja imezibwa kabisa, chuma kitupu, naye akasema hiyo ndiyo yenye nguvu zaidi kwa sababu haikutobolewa popote. Nyingine ina tundu dogo la kupigia grisi. Mimi nilitaka ile yenye nguvu. Baba akanieleza kwa upole kwamba gari letu linavuka maji kila msimu, na maji yakishapenya kwenye krosi iliyozibwa, hakuna njia ya kuyatoa. Inaoza ndani kimya kimya, na wewe unakuja kujua siku inapokatika. Ile yenye tundu ukishavuka unaipigia grisi mpya, na maji na tope vinasukumwa nje. Alisema inataka kutazamwa mara kwa mara, lakini kitu kinachokubali kutazamwa hakikuangushi njiani. Akachagua boksi mwenyewe, tukarudi.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Manyanda alipoingiza kikombe kwenye nafasi yake, kikacheza kama pete ya mtu mwingine kidoleni. Krosi ilikuwa ndogo. Baba akaanza kumlaumu Cecilia. Manyanda akamkatiza: "Mpimbwe, macho umeyaacha Kibaoni kwa mkeo?"

Vijana wa gereji wakacheka, wakageuka kungoja jibu. Unajua kabila lake na sisi Wapimbwe ni watani, na unajua utani wa Manyanda haujawahi kulala bila kujibiwa. Hata siku ya kumzika babu, baba alimjibu pale pale kaburini, watu wakacheka huku wanalia. Safari hii hakujibu. Alichukua kitambaa akafuta mikono ambayo haikuwa na mafuta. Manyanda mwenyewe aliacha kucheka.

Kesho yake tulirudi dukani na krosi ya zamani. Cecilia akatoa vernia ya kupimia. Baba akaisogeza mlangoni kwenye mwanga, akaigeuza, kisha akanipa, akisema nisome mimi ninayefundishwa shuleni. Nikasoma. Kikombe cha zamani kilikuwa milimita ishirini na tisa, kipya ishirini na saba. Namba hiyo ilikuwa imeandikwa kwenye boksi kwa wino mweusi, kubwa kama jina la duka. Cecilia akatubadilishia bila neno.

Tulikaa nje kungoja bodaboda. Sikumuuliza kitu. Nilimwambia tu kwamba naona na yeye amekuwa krosi iliyozibwa. Alicheka kidogo. Halafu akasema: "Mwandikie mama yako. Mimi nikimpigia nitasema sijambo."

Mama, baba haoni vizuri. Jicho la kulia lina ukungu tangu kabla ya mavuno, na la kushoto limeanza. Unakumbuka alipokuleta kwa bibi, yule twiga aliyesimama barabarani? Baba alimwona alipokuwa karibu kugusa boneti. Wewe ulidhani amefunga breki ili umtazame vizuri, ukamshukuru. Tangu siku hiyo anasema anakosa usingizi.

Nilidhani anaogopa hospitali, lakini sivyo. Anaona aibu kufika ukweni akiwa abiria kwenye gari lake mwenyewe. Mwalimu wetu wa baiolojia amesema huenda ni mtoto wa jicho, ugonjwa unaofanyiwa upasuaji mtu akaona tena, ingawa daktari ndiye atakayejua. Nimelishika tumaini hilo. Bibi akienda kwa ajili ya mguu, baba aende kwa ajili ya macho, safari iwe moja.

Krosi mpya imekaa sawasawa. Manyanda aliniachia nipige grisi mwenyewe mpaka ikachomoza kwenye vikombe vyote. Yeye ndiye atakayeendesha Jumamosi. Ila anahofu kwamba nyumba ya bibi ikianza kuonekana, baba atamwomba usukani ili ashuke upande wa dereva mbele ya wajomba. Kwa hiyo, Mama, ukisikia honi, toka uangalie mlango. Akishuka kulia, mpokee kama kawaida, kisha mvute pembeni umwambie unajua. Akishuka kushoto, upande wa abiria, tafadhali uwe wa kwanza kumfikia, kabla mjomba Laurence hajauliza lolote. Mpe mkono wa salamu na usiuachie upesi, kwa sababu gari lile liko juu na chini haoni vizuri.

Wasalimie wajomba wote na watoto wao. Mwambie bibi kitanda chake nimekitandika karibu na dirisha. Tunakungoja kwa hamu.

Mwanao anayekupenda,
Prisila

Nimemsomea baba barua hii yote kabla ya kuifunga. Nilipofika kwenye habari ya mlango akasema nikuandikie usisumbuke kutazama pande zote mbili. Usimame kushoto.