Sikumtolea Mtu Macho

Kimemi, Butembo, 17 Machi 2025

Binti yangu Anne-Marie,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mama yako hajambo, mbuzi hawajambo, mimi ndiye wa kuulizwa. Wewe na kazi yako ya mapokezi kwa daktari huko Beni mnaendeleaje?

Jumapili mjomba wako Siméon, kwa kuwa ndiye kiongozi wa shirika, jumuiya yetu ndogo ya kanisa, alinisimamisha mbele ya waumini wote wa mtaa. "Shemeji, tangu Noeli unatutolea macho, batoto banakuogopa. Uombe musamaha mbele ya Paska, ao hausome tena somo kanisani." Nikamjibu kwamba macho yametoka yenyewe, si mimi ninayeyatoa. Watu wakacheka.

Bahati nzuri muuguzi wa Daktari Ngalula, huyo unayemfanyia kazi, alipita parokiani juzi. Alipitisha simu mbele ya uso wangu, kutoka sikio hadi sikio, kama fundi anayepaka rangi mlango, akasema simu itapima macho yametokeza kiasi gani. Niletee jibu nikalipigilie ukutani kwa Siméon.

Papa

Beni, 26 Machi

Papa mpendwa,

Nakusalimia pamoja na Mama. Nina mafua, lakini ninakula.

Jibu limetoka, na sijui nilisemeje. Simu inasema macho yako ni ya kawaida: milimita kumi na sita, kulia na kushoto. Daktari haoni sababu ya kukuita.

Donc, Papa, huenda ni hasira tu. Mwombe mjomba msamaha, yaishe.

Binti yako

Kimemi, 31 Machi

Anne-Marie,

Hatujambo. Kwa hayo mafua, kunywa tangawizi.

Siombi msamaha. Hasira haimzuii mtu kufumba jicho akilala. Langu la kushoto halifumbiki, mama yako hulifunika kwa kitambaa chenye maji. Wala hasira haifuti rangi. Mlango mwekundu niliopaka kwa mkono wangu, kwa jicho hilo ni wa kahawia. Ninaogopa, mwanangu, nakuandikia wazi. Lakini kuogopa si kukosa.

Kama simu inasema mimi ni mzima, ilimtazama mtu mwingine. Kaiangalie hiyo picha wewe mwenyewe, uniambie kama ina masharubu yangu.

Papa, asiyemtolea mtu macho

Beni, 4 Aprili

Papa,

Mafua yamekwisha. Mama na wewe mwaonaje hali?

Picha haina masharubu. Ni ya kijana wa Mutwanga, naye anaitwa Kakule kama wewe. Daktari Ngalula ni mtu wa Kasai, mbali na kwetu. Aliona "Kakule" mara mbili, akadhani ni mtu mmoja aliyepimwa mara mbili, akachukua kipimo cha kwanza. Nilimpeleka barazani wanakosubiri wagonjwa, nikaita: "Kakule!" Wakasimama wanne. "Mais, bote ni ndugu?" akauliza. Nikamweleza kwamba kwetu jina hilo hufuata nafasi ya mtoto wa kiume katika kuzaliwa, na karibu kila nyumba ina wake. Aliona haya kabisa.

Kipimo chako ni ishirini na tatu kulia, ishirini na sita kushoto. Ni ugonjwa wa tezi ya shingoni. Unasukuma macho nje na kubana mshipa wa kuonea. Anasema jicho la kushoto bado linaweza kuokolewa ukija ndani ya wiki moja. Njoo, Papa. Na unisamehe, niliamini simu kuliko wewe.

Binti yako

Kimemi, 6 Aprili

Binti yangu,

Tuko salama, na wewe nimekusamehe. Kesho alfajiri napanda gari. Mama yako ameshanifungia chakula. Somo la Pasaka nitalisoma, hata nikibaki na jicho moja.

Siméon amesikia habari. Amekuja na kuku. "Shemeji, somo ni lako. Hapana kunikasirikia."

Kuku nilimpokea. Kisha nikamtazama Siméon kwa muda mrefu bila kupepesa, maana kupepesa kwenyewe siwezi vizuri.

"Shemeji," akasema, "sasa unanitolea macho?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Leo sasa ninakutolea."

Papa