Kikapu Kilichoko Ofisini kwa Kocha

Tensta, Stockholm
17 Novemba 2013

Mpendwa Mjomba Norbert,

Shikamoo. Ni matumaini yangu barua hii itakukuta unaisoma mwenyewe, kwa macho yako mawili, bila kumwita mtu akusomee. Mama ameniambia upasuaji wa jicho ulikwenda salama, na kwamba umeshaanza kulalamika kuwa mboga hazina chumvi. Niliposikia hivyo nilijua umepona. Je, Mama Concessa hajambo? Miguu yake bado inavimba? Na mvua za huko Kigoma, zimeanza kwa wakati au mihogo bado inasubiri?

Sisi hapa ni wazima. Mama anaumwa mgongo kidogo lakini haachi kazi. Kelly ametimiza miaka kumi na miwili. Mama humwuliza kwa Kiswahili, yeye hujibu kwa Kiswidi, kisha Mama hunigeukia mimi na kunishtakia kwa Kirundi. Nyumba moja, lugha tatu, na hakuna anayeosha vyombo. Mimi nimebakiza muhula mmoja nimalize sheria. Jua tunaliona saa chache tu siku hizi, na hayo tumeyazoea.

Mjomba, barua yako ya Septemba nimeisoma mara nyingi. Umeniomba nimsamehe Kocha Whitlock. Umeandika kwamba aliyekupa kalamu hakukunyang'anya mkono. Nimelifikiria neno hilo kwenye treni, asubuhi na jioni, kwa wiki nyingi. Kalamu alinipa, ni kweli. Alichoninyang'anya ni mguu. Mama alinikataza kukusimulia yote, akasema utaugua. Leo nakusimulia.

Unakumbuka nilivyoondoka mwaka 2006. Kocha aliniona nikikimbia mashindano ya vijana hapa Stockholm, akaja mpaka jikoni kwetu, akanywa chai ya Mama, akaahidi chuo cha Marekani kingenisomesha bure ili nikimbie kwa niaba yake. Kwa kuwa Baba hayupo, wewe uliandika barua ya kunikabidhi, ukaituma na Mzee Zacharie pamoja na kikapu cha Bibi, kile cha mwisho alichosuka kabla ya kufariki. Barua niliitafsiri mimi, kwenye meza ile ile ya jikoni. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilichagua maneno mazuri kuliko yote niliyoyajua. Kocha alipokipokea kikapu kwa mikono miwili, Mama alilia.

Mwaka wa pili muundi wa mguu wangu wa kulia ulianza kuuma. Daktari wa timu alinionyesha picha ya mfupa, na ndani yake ufa mwembamba kama unywele. Akaandika nipumzike wiki sita. Mashindano makubwa yalikuwa yamebaki wiki mbili, yale yanayoonyeshwa kwenye televisheni. Kocha aliniita ofisini. Kikapu cha Bibi kilikuwa kwenye rafu nyuma yake, kati ya vikombe.

"Wewe ni binti yangu," aliniambia. "Baba anaweza kumdanganya binti yake? Utaumia kidogo, lakini mfupa hautavunjika."

Nilikimbia. Mfupa ulivunjika zikiwa zimebaki mita mia sita. Nilimaliza wa nne, Mjomba, juu ya mfupa uliovunjika, na watu waliojaza uwanja kwa tiketi walisimama wakapiga makofi.

Ufadhili ule ulikuwa ukitolewa mwaka kwa mwaka. Sikuwa nimelijua hilo, wala wewe. Ulipofika wakati wa kuuongeza nilipata karatasi yenye mistari miwili. Nilikwenda ofisini na magongo yangu. Hakuinuka kwenye kiti.

"Hii ni biashara, Belyse. Usiiweke moyoni."

Ndani ya chumba hicho hicho, Eve, yule Mkenya niliyekaa naye chumba kimoja, aliwahi kumwuliza kwa nini sisi tunaowajazia uwanja hatulipwi hata senti. Akamjibu kwamba sisi ni familia, na katika familia hakuna anayemlipa mwenzake. Basi siku za kutulipa tulikuwa familia, na siku ya kunitupa ikawa biashara. Maneno haya mawili nimeyabeba miaka mitano kama mtu anavyobeba mawe mawili mfukoni, akitafuta dirisha.

Dirisha limepatikana. Mwaka 2011 Eve alinitumia kijitabu ambacho chuo hutumia kuwavutia wanafunzi wapya. Kwenye jalada niko mimi, katika mbio zile zile, uso umekunjamana. Wanadhani ile ni sura ya juhudi. Picha hiyo hiyo wameichapa kwenye fulana na wanaziuza. Mwaka uliofuata wanariadha wa zamani thelathini na wanne tulikishtaki chuo. Tunasema tulikuwa wafanyakazi: tulipangiwa saa, tulikatazwa kazi nyingine, jasho letu na sura zetu viliuzwa, basi tulipwe. Wao wanasema tulikuwa wanafunzi waliopewa zawadi. Wenzangu wamechagua watu sita wa kutoa ushahidi kwa niaba ya wote, nami ni mmoja wao.

Mwezi uliopita nilihojiwa chini ya kiapo, katika ofisi moja mjini hapa, kwa njia ya video. Kocha alikuwepo, amekaa pembeni kwenye skrini. Ameongezeka mvi. Wakili wa chuo, mtu mpole sana, alitoa karatasi.

"Hii ni barua ya mjomba wako?"

"Ndiyo."

"Anasema, 'Kuanzia leo ni mwanao, nasi hatutakudai chochote.' Nimesoma sawasawa?"

"Umesoma."

"Na aliyetafsiri ni nani?"

"Ni mimi."

"Kwa hiyo familia yako ilijua kuwa hakuna malipo, ikakubali, na ikashukuru kwa zawadi."

Kocha alinitazama kwa huruma. Ningependa angecheka. Huruma ile ndiyo iliyonipa akili, nikasema, "Mwulizeni kikapu kiko wapi." Wakili akauliza kikapu gani. Kabla hajazuiwa, kocha akadakia, "Kipo ofisini kwangu! Kizuri sana. Naweka funguo za gari."

Funguo za gari, Mjomba. Ndani ya kikapu cha Bibi.

Wakili wetu aliniuliza baadaye kwa nini nilitabasamu. Nilimweleza kwamba kwetu barua ya kukabidhi mtoto haiendi peke yake. Anayepokea kikapu amepokea kazi yote ya mzazi: kumlisha mtoto, kumtibu, na siku ya kumwachia, kumwachia akiwa na kitu mkononi. Kwa kuwa ameyabeba yote hayo, hakuna anayemtajia bei. Ndiyo maana uliandika hutamdai. Naye akimtesa mtoto, hudaiwa kikapu mbele za watu. Wakili akayaandika yote, kisha akasema, "Hayo hayawezi kutoka kwako. Lazima yatoke kwa aliyeandika."

Wewe unayajua kuliko mimi, kwa sababu yalikupata. Ulikuwa na miaka kumi na mitano ulipokabidhiwa kwa Augustino seremala. Msumeno ulikukata ncha ya kidole, na kesho yake akakurudisha kwenye ubao damu ikiwa bado inatoka. Bibi hakwenda kupigana. Alimsubiri mlangoni pa kanisa watu wakitoka, akanyoosha mikono, akasema, "Nipe kikapu changu." Augustino akaenda nacho nyumbani kwake, akarudi nacho, akampa. Tangu siku hiyo hakuna mzazi aliyempelekea mtoto. Umenisimulia kisa hicho mara kumi huku ukinionyesha kidole. Mbona Bibi hukumwambia asamehe?

Najua kinachokuzuia. Barua ile uliisoma kanisani, watu wakakupongeza, na sasa unaona aibu kwamba itasomwa mahakamani kama barua ya mtu aliyegawa mtoto wake bure. Nitakuambia ukweli ambao sijawahi kuuandika: kwa muda mrefu nilikulaumu wewe. Niliisoma nakala yake nikikuchukia. Halafu nilisomea sheria, nikaelewa kwamba hukutoa mtoto bure. Uliweka mkataba, tena mzito kuliko wao, ila uliuweka na mtu asiyejua kusoma kikapu.

Nimeambatanisha hati ya kiapo. Nenda nayo kwa wakili yeyote pale mjini anayeshuhudia viapo. Eleza barua ilimaanisha nini, kikapu kilimaanisha nini, na kidole chako kilipatwa na nini. Usipambe. Ni lazima iwafikie mawakili wetu kabla ya tarehe 16 Desemba. Isipofika, hakimu ataisoma barua yako kama wao wanavyoisoma, nami nitaondolewa katika wale sita.

Wenzangu wanataka malipo na ni haki yao. Mimi nikilipwa nitashukuru. Lakini ninachokitaka ni kumwona akiulizwa mbele ya hakimu. Nimemtayarishia maswali kumi na tisa na nimempa wakili yote. La mwisho linahusu rafu. Sitaki afe, Mjomba. Nataka aishi miaka mingi na afya njema, aingie ofisini kila asubuhi, atafute pa kuweka funguo, aone pengo.

Mama aliposikia hayo alisema, "Wewe, hasira hiyo utaila na ugali?" Nikamjibu kwamba miaka mitano nimeila bila hata kitoweo. Alicheka mpaka akashika mgongo. Kisha akaifungua Biblia yake, akatoa barua yako halisi, ile ya Kiswahili, akaiweka mbele yangu. Nakala yake nimeitia humu. Utaona hukuandika popote kwamba mimi ni zawadi.

Basi Mjomba, usinisamehee mtu. Mguu ni wangu, na msamaha wake ukija siku moja, utatoka kwangu. Wewe nakuomba kitu kimoja tu, alichokifanya mama yako kwa ajili yako. Mwisho wa hati nimeacha mstari mtupu. Andika hapo, kwa mkono wenye kile kidole, maneno manne: Nipe kikapu cha mama.

Nisalimie Mama Concessa, mwambie dawa ya miguu nimeituma kwa Clementina anayekuja Krismasi. Nisalimie Félix na watoto wake, na Mzee Zacharie, umwambie alikibeba vizuri na hana kosa. Mama na Kelly wanakusalimu, Kelly kwa Kiswidi.

Mungu akulindie macho yote mawili, na siku ya kutia sahihi akupe mkono usiotetemeka.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye hata nikiwa na hasira,

Belyse