Aliulizwa Bakari

Hamisi, huna adabu. Baba yako ana miaka sabini na tisa, na wewe unakaa barazani kwangu hapa Kilwa Masoko unawatangazia baba zako wadogo, "Tumeshaamua, anaanza." Mmeamua na nani? Figo ni zako?

Leo Alhamisi. Jua kali, hata jani halitikisiki. Silii. Nimefagia, nimepika, nimekaa. Mwili kama wa mtu mwingine.

Habari yenyewe ni hii: figo za mume wangu Bakari zimechoka. Daktari alitueleza taratibu, hakutufokea. Kuna kusafishwa damu kwa mashine, mara tatu kwa wiki, muda wa saa nne kila mara, maisha yake yote yaliyobaki. Mashine iko mbali, itabidi ahamie kwa Hamisi, Dar. Na kwa umri ule na moyo ule mbovu, inaweza kumwongezea siku, inaweza kumchosha tu. Au abaki hapa na dawa za kupunguza uvimbe na kujikuna, mpaka Mungu atakapopenda.

Wanangu wanataka mashine. Wanaogopa watu watasema wamemwacha baba yao afe. Wifi yangu naye kaja kutoka Pande na jamvi na nazi kumi, kama msiba umeshaingia. Bakari akauliza kutoka chumbani, "Jamvi la nani hilo? Ngojeni basi nimalize uji!"

Wakacheka wote. Mimi sikucheka.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Siku ile daktari alimgeukia Bakari, akamwuliza, "Mzee, wewe mwenyewe unataka nini?" Bakari akafungua mdomo. Nikamkatiza, nikamjibu daktari: "Anataka mashine, mwanangu. Anza tu." Akaufunga mdomo wake, akabaki kuitazama kofia mapajani.

Tangu anioe namjibia. Sokoni namjibia, kwa mwenyekiti wa mtaa namjibia. Yeye mpole, mimi nina ulimi. Nilidhani ndiko kumtunza.

Sasa mimi nataka nini? Najitafuta ndani, sikuti kitu.

Basi Hamisi, wewe uliyenifungulia ukurasa huu wa mtandaoni ninaoandikia, soma vizuri. Jumatatu unampeleka baba yako kwa daktari yuleyule. Akiingia, mlango ufungwe. Wewe utakaa nje kwenye benchi, na mimi nitakaa nje na wewe. Atakachosema ndicho hichohicho, na mtu asimwulize mara ya pili.